"Kituo kiliniokoa": nami niliwahi kuyasema maneno hayo

Kaka uliyeandika kwamba bila kufungiwa ungekuwa kaburini leo, nimekusoma mara mbili, na sina nia ya kukunyang'anya uzima wako. Dada uliyemjibu kwamba kule hakukuwa na tiba bali mateso, nawe nimekusoma. Ila aliyeuanzisha mjadala ni mama aliyeuliza: mwanangu ana miaka 16, anavuta bangi na kumeza vidonge, hasikii la mtu, je, nimpeleke kwa nguvu kwenye kituo cha kuwaachisha vijana dawa za kulevya? Tangu sisi tuliopita humo tuanze kubishana, mama huyo amenyamaza. Kwa hiyo mama, nakuandikia wewe, na wenzangu wasome.

Nami nilichukuliwa nikiwa na miaka 16. Ilikuwa alfajiri, wanaume watatu chumbani, baba amesimama mlangoni hanitazami. Nilikaa miezi 14. Sitajisafisha: nilikuwa navuta karibu kila siku, nilishaanza vidonge, na vitu vya nyumbani vilikuwa vikipotea kwa mkono wangu. Wazazi wangu hawakuwa wakatili. Walikuwa wameishiwa.

Maisha ya kule yalikuwa ya kitini. Safu za viti vya plastiki, kutwa nzima, mgongo wima bila kugusa kiegemeo, mikono magotini. Mgeni hatembei peke yake: mkongwe humshika mkanda kwa nyuma, ngumi imeingia kati ya suruali na kiuno, akampeleka hivyo mpaka chooni, mlango wazi. Na mkongwe mwenyewe ni mtoto mwenzake. Mimi nilishikwa wiki tisa. Kisha nikapandishwa ngazi, nikaanza kushika wengine.

Tukisimulia, wengi wetu tunasimulia kushikwa. Kushika tunakuruka. Mimi leo siruki.

Wa kwanza niliyekabidhiwa alikuwa na miaka 13. Alikuwa amevuta bangi mara mbili, na mara ya pili shangazi yake akamkuta. Kwenye kikao akaambiwa aeleze uraibu wake, akasema hivyo hivyo: mara mbili. Kikundi kizima kikamzomea. Anaficha. Anajidanganya. Akasimamishwa siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, vifundo vya miguu vikamvimba mpaka soksi zikaacha mfereji kwenye ngozi. Usiku nikamnong'oneza: sema ulikuwa unavuta unga, watakuacha uketi. Akaniuliza, unga ukoje? Nikamweleza rangi yake. Nikamfundisha na arosto: kamasi, kuharisha, mifupa kuuma, baridi huku unatoka jasho. Mimi mwenyewe sikuwahi kuugusa huo unga, niliyasikia hayo kikaoni kutoka kwa wengine, na sasa najiuliza wao waliyasikia kwa nani. Asubuhi akakiri. Akapigiwa makofi, akaketi. Jumapili mama yake akaja, akayasikia yale mbele ya watu wote, akalia, akawashukuru wasimamizi kwa kumfumbua macho.

Mama, ukiulizia kituo chochote watakuonyesha watoto wanaotoa ushuhuda. Kule kwetu ushuhuda ndio uliokuwa nauli ya kurudi nyumbani. Hukupanda ngazi mpaka useme ulikuwa umepotea na kituo kimekuokoa, na useme kwa machozi. Mimi niliyasema hayo mbele ya mama yangu. Niliendelea kuyasema miaka sita baada ya kutoka, bila mtu kunilazimisha tena, kwa sababu sikujua lipi ni langu na lipi nilipandikizwa. Ndiyo maana kaka yangu hapa anaposema kaokolewa simwiti mwongo. Nasema tu kwamba sisi tuliofunzwa kusema hivyo hatuwezi kuwa ushahidi wa njia ile. Wapo walioacha wakiwa kule, wapo walioacha kwa sababu wamekua, na wapo walioacha kwa sababu walikuwa hawajaanza.

Miaka mingi baadaye nilisoma historia ya mtindo huu, nikakuta viti vyetu na mikanda yetu imo. Marekani, mwaka 1958, Charles Dederich alianzisha Synanon huko California kwa ajili ya waraibu watu wazima, na kiini chake kilikuwa vikao vya kushambuliana kwa maneno. Mwaka 1970 mtindo wa aina hiyo ukaletwa kwa vijana katika programu iliyoitwa The Seed, Florida. Mwaka 1974 kamati ndogo ya Seneti chini ya Sam Ervin ilizilinganisha mbinu zake na zile za kubadili akili za watu zilizotumiwa na Wakorea Kaskazini. Programu ikadidimia, lakini mwaka 1976 wazazi waliokuwa na imani nayo wakafungua nyingine, Straight, katika jimbo hilohilo. Mwaka 1983 baraza la mahakama liliamuru mwanafunzi wa chuo alipwe dola 220,000 kwa kuzuiliwa humo. Alikwenda kumtembelea ndugu yake, hakuruhusiwa kutoka. Na bado, mwaka 1985, Nancy Reagan, mke wa rais, alimpeleka Diana wa Uingereza kwenye tawi lake la Virginia wakawasikilize vijana wakisimulia. Straight ilifungwa mwaka 1993. Nilipofika kwenye ile ziara niliweka kitabu chini. Niliwaona wale vijana mbele ya wageni wao, nikamwona na mtoto wangu wa miaka 13.

Sasa hoja ya kaka, ambayo ina uzito: mtoto aliyezama kwenye dawa hawezi kujiamulia. Ni kweli. Aliyezidisha dozi haombwi ridhaa, anakimbizwa hospitali, na mimi mwenyewe ningembeba. Lakini kwa kuwa hawezi kujiamulia, anayemwamulia ana wajibu mkubwa zaidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 37 kwamba kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa unaofaa, na kifungu cha 25 kinataka mtoto aliyewekwa mahali kwa matibabu au uangalizi apitiwe hali yake mara kwa mara. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia watu kwa lazima kwa ajili ya dawa za kulevya vifungwe. Mimi katika miezi 14 sikuonwa na daktari hata mara moja. Hakuna aliyepima kama nina uraibu kweli, na hakuna aliyeuliza nameza vidonge gani, ilhali vipo vidonge vya usingizi na vya wasiwasi ambavyo mraibu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege akafa.

Na kuna kutoka. Mwenzangu wa safu ya tatu, huyu alikuwa teja kweli, alitoka baada ya mwaka. Siku ya 11 akakutwa amekufa na bomba la sindano. Alirudia kipimo chake cha zamani. Mwili uliokaa bila unga unapoteza ustahimilivu, dozi iliyokuwa ya kawaida inaua. Hilo linajulikana na lingeweza kuelezwa kwa dakika tano. Sisi tulikuwa tumetumia mwaka mzima kumwambia kwamba yeye ni mchafu.

Kwa hiyo mama, anza na daktari au mshauri anayekubali kukaa nawe na mwanao chumba kimoja, hata kama siku ya kwanza mtoto hatasema neno. Ukiangalia kituo, uliza nani humshika mgeni. Wakisema ni vijana wenzake, ondoka. Uliza kama mtoto anaweza kukupigia simu bila mtu pembeni, na kama unaweza kwenda siku yoyote bila kutoa taarifa.

Na ukisikia "atalalamika, usimwamini, hizo ni hila za mraibu", simama hapo hapo. Barua yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulisema: mama, mgongo unaniuma. Yeye alikuwa ameshapewa karatasi yenye orodha ya hila tutakazotumia, na maumivu ya mgongo yalikuwa ya pili kwenye orodha. Vyote viwili bado anavyo, ameviweka pamoja kwenye bahasha moja. Alinionyesha nikiwa na miaka 29. Sikuwa na la kumwambia, tukakaa tu.

Mama, kama bado hujasaini, niandikie.