Angalia kwanza kama thamostati ipo
Mkuu, umesema Corolla yako ya 1998 inatetemeka ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, na ulaji wake umeshuka kutoka kilomita 12 kwa lita hadi 7. Kabla hujanunua plagi, uliza kama kuna fundi aliyewahi kung'oa thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto. Hapa Tabora wanaitoa wakidhani wanazuia gari kuchemsha. Injini isipofikia joto lake, kompyuta ya injini inaona bado ni baridi na kuendelea kumwaga mafuta. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Mshale wa temprecha haukufika katikati hata nikienda safari ndefu ya Urambo.

Kisha fungua plagi. Zote zikiwa na masizi meusi makavu, mafuta ni mengi mno: kagua eafilta, kwa vumbi letu hili haikawii kuziba. Moja tu ikiwa tofauti, silinda hiyo inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Gari likiunguruma, chomoa soketi za umeme za nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye silinda) moja moja, ukirudisha kila moja. Ukichomoa moja na muungurumo usibadilike, umempata mgonjwa. Silinda iliyokufa nayo hudanganya sensa ya oksijeni inayopima moshi wa ekzosi, kompyuta ikaongeza mafuta. Waya za plagi usizishike injini ikiwaka, zinapiga shoti balaa.