Skana imesoma presha ndogo, wewe umeuliza nini?

Wadogo zangu wa gereji, juzi nilimkuta mmoja wenu Malaba akiwa amechomeka skana, ile mashine ya kusoma hitilafu za injini, kwenye trela iliyogoma kuwaka. Akasoma presha ya reli, lile bomba linalogawia injekta mafuta, iko chini, na kabla hajachomoa waya simu ilikuwa sikioni, anauliza bei ya pampu ya presha Kampala. Nilimpokonya ile simu. Anisamehe kwa ukali, ila ninyi ni watu wangu na kosa lile nalijua hadi harufu yake. Nawaandikia kwa namba ili pasiwe na wa kusema hakuambiwa.

1. Betri kwanza. Pima volti gari likiwa limetulia, kisha pima stata ikizungusha. Kwenye mfumo wa volti 24, zikishuka chini ya 18 hivi, kodi (namba za hitilafu) ulizosoma usiziamini bado, maana kompyuta yenye njaa ya umeme hulalamikia kila sensa. Na vile viskana vya gari ndogo, vya volti 12, jamani, msivichomeke kwenye lori! Nimeshanusa viwili vikiungua, na kimoja kilikuwa cha kuazima.

2. Skana ikikataa kuongea na lori, anza na fyuzi. Halafu soketi: kwenye ile ya pini 16, umeme uko pini ya 16, athi ya 4 na ya 5. Toa betri, upime kati ya 6 na 14, zile pini za mawasiliano. Omu 60 ni sawa. Ukikuta 120, kuna waya umekatika au kizuizi cha mwisho, ile rezista ya mwisho wa waya, hakipo.

3. Usifute kodi kabla hujaziandika zote kwenye karatasi. Hapa mnivumilie.

Mwaka 2014 nilikuwa Tororo, nimetoka kujifunza skana, gereji nzima inanitegemea mimi kwa mashine hiyo. Tukaletewa trela yenye mzigo wa ngano kutoka Mombasa kwenda Kampala. Ililala vizuri, asubuhi haikuwaka. Nikachomeka, zikaja kodi tatu. Nilisoma ya kwanza tu, presha ya reli chini, nikafuta zote ili nione itakayorudi. Ikarudi hiyo hiyo, peke yake. Nikajiona nimethibitisha. Sikujua kwamba kuna kodi zinazosubiri injini iwake ndipo zijitokeze tena, na injini yenyewe ndiyo ilikuwa haiwaki. Mashahidi wawili niliwafukuza mwenyewe kwa kidole kimoja.

Mwenye gari alikuwa na lori hilo moja, tena la mkopo. Nikampigia kumwambia pampu ya presha imekufa. Akaniuliza, "Una hakika, fundi?" Nikamjibu nina hakika. Pampu iliyotumika ikapatikana soko la Kiseka kwa shilingi za Uganda milioni 4 na nusu, ikaja kwa basi, nikaifunga usiku kwa mwanga wa tochi. Asubuhi tukapiga stata, macho kwenye skana: presha ba 90 tu. Pampu nyingine, presha ile ile. Dereva alikuwa na siku ya nne analala chini ya trela. Alinitazama, hakusema kitu.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja, fundi wa pampu za zamani, ambaye hakuwahi kushika skana. Alimuuliza dereva swali nililopaswa kuuliza mimi: hali hii ilianza lini? Dereva akasema tangu Eldoret gari lilikuwa linakosa nguvu mlimani, na kila asubuhi lilitaka stata ndefu. Mzee akafungua mpira unaoingia kwenye pampu, akaunganisha kipande cha paipu inayoonyesha ndani, akasema, "Piga, mwanangu." Tukaona povu likipita. Mpira wa kunyonya kutoka tangini ulikuwa umesuguliwa na braketi ya chesisi mpaka ukapata ufa mdogo, mfupi kuliko ukucha. Chini hapakuwa na tone la dizeli, kwa sababu upande ule unanyonya: ufa wake hautoi mafuta nje, unaingiza hewa. Mpira mpya ulikuwa shilingi elfu 30. Tukatoa hewa, na stata ya pili injini ikawaka.

Sasa nawaambia nisichowahi kuwaambia. Mwenye gari alipopiga simu, nilimwambia pampu yake nayo ilikuwa imechoka. Haikuwa kweli, sikuwa hata nimeipima. Nilikaa na uongo huo miezi minane, mpaka pampu ile ikapelekwa kwenye mashine ya kupimia na kukutwa nzima. Nikapanda taksi hadi kwake Mbale, nikamweleza kila kitu mbele ya mke wake, nikaanza kumlipa kidogo kidogo. Ilinichukua mwaka na nusu. Alipokea pesa yote. Lori lake hakuniletea tena, na alikuwa na haki.

4. Stata inapozunguka, tazama vitu viwili kwenye skana: mizunguko ya injini na presha ya reli. Mizunguko ikisoma sifuri wakati injini inazunguka, nenda kwenye sensa ya kranki na waya wake. Presha ikiwa haifiki ba 200 hivi, kompyuta nyingi hazitafungua injekta, basi fuata mafuta kuanzia tangini: mipira, kichujio cha maji, filta, pampu ya mkono. Baada ya hapo pima marejesho ya injekta, yaani mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta. Pampu ya presha ni ya mwisho kabisa, na sitaki kubishana.

5. Ongea na dereva, na tanboi, msaidizi wake, pia. Busia tulihangaika na lori nusu siku, skana inasoma hivi na vile, mpaka tanboi akanivuta shati akaninong'oneza kwamba usiku walijaza mafuta ya madumu kando ya barabara. Tukafungua kichujio, yakatoka maji matupu. Alikuwa ameogopa kusema mbele ya bosi wake. Nilimnunulia rolex, chapati ya kukunja, ya mayai matatu, na kama angetaka kumi ningempa. Kwa hiyo wasogezeni pembeni, waulizeni taratibu, bosi akiwa mbali.

Ile paipu ya mzee bado ninayo. Iko kwenye droo ya kushoto, imefungwa kitambaa chekundu. Achukue yeyote bila kuniomba, lakini jioni niikute mahali pake, imeoshwa.