Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini: mnauliza, tunajibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaofikiria kuhamia au kufanya kazi Inari, manispaa kubwa kuliko zote Ufini kwa eneo.

Huko kuna watu kweli? Na wanaongea nini?

Wapo, karibu 7,000, na nusu hivi wanaishi Ivalo, kijiji chake kikubwa. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba 15,000 na ushee, zaidi ya mara tano ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Lugha rasmi ni nne: Kifini na tatu za Wasami, wenyeji wa asili wa huko, yaani Kisami cha Kaskazini, Kisami cha Inari na Kisami cha Skolt. Kisami cha Inari kina wasemaji mia chache tu, na kilikuwa kinazimika. Kilichokinusuru ni "viota vya lugha", vilivyoanza 1997: chekechea ambako walezi huongea na watoto lugha hiyo peke yake kutwa nzima. Mwenye hofu kwamba wanawe watasahau lugha ya nyumbani ana la kujifunza hapo.

Ni kweli jua halitoki?

Ivalo halichomozi tangu mwanzoni mwa Desemba hadi karibu tarehe 10 Januari. Si giza tupu. Adhuhuri kuna mwanga wa buluu kwa saa chache. Mtu mzima asiyepata vitamini D ya kutosha kwenye chakula anashauriwa kuimeza, mikrogramu 10 kwa siku, Oktoba hadi Machi.

Gari langu la dizeli litawaka kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri?

Litawaka ukiliandaa jana yake. Oili huwa nzito, betri nayo hupungukiwa nguvu wakati ule ule injini inapohitaji kusukumwa zaidi. Ndiyo maana magari ya huko yana hita ya injini, inayochomekwa kwenye nguzo ya umeme pale maegeshoni. Baridi ikizidi nyuzi 20 chini ya sifuri, iwashe kwa muda wa saa tatu kabla ya kuondoka. Ikiwa nyuzi tano hadi kumi, saa moja yatosha. Kuiacha usiku kucha hakuongezi joto, kunaongeza bili. Ukichomoa, anza upande wa nguzo: waya unaoning'inia ukiwa na umeme ni hatari kwa mtoto anayepita.

Kosa linalowakamata wanaotoka kusini ni mafuta. Dizeli ya kiangazi iliyobaki kwenye tangi huganda nta, nta inaziba chujio, gari linazima njiani. Maliza tangi hilo kabla ya baridi na ujaze dizeli ya majira ya baridi. Ukiegesha, usivute breki ya mkono, kwani huganda. Acha gari kwenye gia.

Nikimgonga reinidia, si mnyama wa porini tu?

Hapana. Reinidia, yule paa mkubwa wa kaskazini, anafugwa, na kila mmoja ana mwenyewe. Alama yake imekatwa masikioni. Simama, weka pembetatu, piga 112, namba ya dharura, hata kama amechechemea akaingia msituni, ili wafugaji wamfuate asiteseke. Bima ya magari humlipa mwenye mnyama. Nyama si yako. Ukiona mmoja barabarani, punguza mwendo na ungoje: nyuma yake wapo wengine.

Mke wangu ni mjamzito. Hospitali iko wapi?

Ivalo kuna kituo cha afya, lakini wodi ya kujifungulia iko Rovaniemi, kilomita 290 hivi kusini. Basi panga mapema na mkunga wa kliniki: mtaondoka lini, mtalala wapi, nani atabaki na watoto. Shida isiyo ya kufa na kupona, pigeni kwanza 116117, namba ya ushauri wa matibabu, kabla ya kwenda. Wekeni pia programu ya 112 Suomi kwenye simu. Ukiipigia 112 kupitia hiyo, mpokeaji anaona mlipo, na kwenye barabara isiyo na nyumba kwa kilomita nyingi hilo linaokoa maisha.

Nataka kuvua ziwani. Nitajuaje barafu inanibeba?

Kwa kupima. Toboa tundu, ingiza fimbo yenye kulabu, ipachike chini ya barafu, usome unene. Barafu ngumu, ya kung'aa, ya sentimita 5 hubeba mtu mmoja. Pikipiki ya theluji inataka 15, gari 20. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji haina nguvu hiyo. Ziwa Inari lina visiwa zaidi ya 3,000, na katikati ya visiwa maji hukimbia. Hapo, na kwenye midomo ya mito na chini ya madaraja, barafu huwa nyembamba hata Februari, na theluji huificha.

Ndoana na uzi mfupi wa kuvulia tunduni kwa kawaida havihitaji malipo. Shingoni vaa misumari miwili ya kujiokolea yenye vishikio. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikwishakubeba. Piga misumari, teke miguu, jivute kwa tumbo, kisha ubingirike. Usisimame mpaka ufike penye barafu nene.