Mama anaumwa, mchumba anasubiri

Dada unayemuuguza mzazi huku mchumba akiuliza ndoa lini, nakuandikia wewe. Mama yangu alipopata kiharusi na upande wa kulia kupooza, mimi ndiye niliyekuwa sijaolewa, basi hakuna hata aliyeuliza nani atabaki naye.

Watu watakuambia uchague, penzi au familia. Nakuomba usichague chochote kabla hujaijua kazi yenyewe. Iandike yote. Kwangu ilikuwa hivi: mama hawezi kujigeuza, kwa hiyo ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Dawa ya presha kila siku, hata siku anayojisikia vizuri. Mazoezi ya mkono na mguu. Kumwogesha, kumlisha taratibu asipaliwe, nauli ya kliniki. Nilipowasomea kaka zangu, mkubwa wao aliuliza, "Sasa wewe unalala saa ngapi?" Mazungumzo ya kweli yakaanzia hapo. Mmoja akachukua zamu za usiku mwisho wa wiki, mwingine akabeba malipo ya msaidizi wa mchana. Hawakuwa watu wabaya. Kazi ilikuwa inafanyika, basi hawakuiona.

Mchumba naye aambiwe kweli mapema. "Nivumilie kidogo" haimsaidii, maana aliyepooza anaweza kuhitaji msaada kwa miaka. Wangu nilimwambia waziwazi: tukioana, mama tutaishi naye, na sehemu ya mshahara wangu itaendelea kuwa yake. Kisha nikampa nafasi afikirie. Mwanamume akisema, "Mama ana watoto wengine pia," msikilize, huenda ana hoja. Akisema, "Achana nao," mimi huyo nisingekubali kuolewa naye, hata ningempenda vipi.

Na mzazi mwenyewe aulizwe, tafadhali. Sisi sote tulikuwa tunampangia mama maisha kama vile hayupo, wakati ulimi ndio uliokuwa mzito, akili ilikuwa timamu. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza mpango wa kuhamia kwetu. Akatikisa kichwa, akagonga godoro kwa mkono wa kushoto: hapa. Hakutaka kuondolewa nyumbani kwake, wala hakuwa na neno na ndoa yangu. Basi mimi na mchumba tukatafuta nyumba ya kupanga jirani naye, na zamu za kaka zangu zikaendelea vilevile.