Waya wa taa haufichwi juu ya silingi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme huku Marekani, wiki hii nimekuta tena kigae cha silingi kimetobolewa, waya laini wa taa (ule unaopindika, flexible cord) umepenyezwa, plagi imechomekwa huko juu gizani, na fundi anashuka ngazi akijisifia usafi wa kazi. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Fungueni NEC, kanuni za umeme za Marekani, kifungu 410.62(C). Taa yenye waya laini na plagi ikae chini ya soketi yake moja kwa moja. Waya uonekane wote nje ya taa. Usivutwe wala usikae mahali pa kugongwa. Plagi iwe na pini ya ethi. Yote hayo kwa pamoja, msichague mawili matatu. Ipo mianya michache, ya busway (kasha refu lenye vyuma vya kupitisha umeme) na kadhalika, someni wenyewe.

2. Silingi. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa nafunga taa za duka zima, soketi mwenzangu alishaziweka juu ya vigae. Nikatoboa, nikapitisha, nikachomeka, mstari baada ya mstari. Taa zikawaka, mwenye duka kenua meno. Mkaguzi alipofika hata taa hakuziangalia. Alipanda ngazi, akasukuma kigae, akamulika tochi, kisha akaniuliza, "Huu waya unaishia wapi?" Nikaanza kumweleza habari za mwanga! Akanitajia 400.12, ile iliyokuwa 400.8 kabla ya toleo la 2017: waya laini haupitishwi kwenye tundu la ukuta, silingi wala sakafu, na haufichwi juu ya silingi. Kinachoniuma ni kwamba kifungu hicho nilikuwa nakijua. Nilijidanganya tu kuwa taa ina msamaha wake. Nikarudi usiku, duka limefungwa, kushusha kila boksi la soketi mpaka soketi ikalingana na uso wa silingi. Malipo hakuna, na vigae nilivyotoboa nilivilipia mimi. Mkaguzi hakunionea: ganda likichubuka au plagi ikilegea huko juu, nani ataona?

3. Mnyororo ndio ubebe taa. Juzi nimekuta taa imelala upande, waya umekaza kama uzi wa gitaa, ganda la nje limechomoka kwenye kibano, ule wa kijani, wa ethi, unachungulia. Acheni waya ulegee. Na mnapounga, wa ethi uwe mrefu kuliko wenzake, ukivutwa uchomoke wa mwisho.

4. Taa ikiwa mbali na soketi, hamisha soketi. Usiniletee waya mrefu uliofungwa kwenye boriti kwa vibanio vya plastiki.

Taa za kugeuzwa baada ya kufungwa ziko 410.62(B). Hizo si lazima ziwe na plagi, mradi waya uwe wa kuhimili matumizi magumu na usizidi urefu unaohitajika kuigeuza taa.