Re: Roma, gelato ya ukweli utaijuaje?

Mkuu umeuliza utatofautishaje duka la gelato (aiskrimu ya Kiitaliano) la ukweli na yale ya kupiga watalii, mi nakwambia anza na ile ya pistachio (aina ya karanga za kijani). Ikiwa kijani cha kung'aa kama jezi ya Yanga we pita tu, hiyo ni rangi, ya kweli imepauka inaelekea kahawia. Na yale malundo yaliyojazwa juu ya trei dirishani achana nayo, wazuri wengi wanaiweka kwenye mikebe ya chuma yenye mifuniko, huioni mpaka muuzaji afunue achote na mwiko bapa. Gelato haina hewa nyingi kama aiskrimu ya kawaida na haigandishwi sana, ndo maana inakuwa nzito mdomoni na ladha unaisikia fasta.

Hapo Roma kuna duka la Giolitti, lipo tangu 1900, unalipa kwanza keshia ndo unapeleka risiti kaunta, foleni sasa! Nalipa alama 7 kwa 10. Ila ukifika Paris nenda duka la aiskrimu la Berthillon, sorbeti zao (aiskrimu za matunda zisizo na maziwa) 9 bila ubishi, tatizo huwa wanafunga karibu Agosti yote, eti muuza aiskrimu anaenda likizo wakati wa joto 😂 Kote huko ukikaa mezani bei inapanda, agiza koni ule huku unatembea.