Ua Lenye Ukungu: Mambo ya Kujua Kabla Hujatikisa Kamera

Mtu akinionyesha picha ya ua lenye ukungu, swali langu ni moja: ulitaka kitu gani kibaki? Akikosa jibu, basi hiyo ni picha iliyotikisika tu. Ukungu wa makusudi huanza kwa kuchagua kitakachotambulika, hata kama ni ukingo wa petali moja au mwelekeo wa mashina. Vingine vyote ruksa viyeyuke.

Njia kuu ni mbili, fokasi na mwendo, na anayeanza asizichanganye siku moja.

Kwenye fokasi, wengi hukimbilia kununua lenzi ya f/1.8, yaani yenye tundu pana la kupitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ni nzuri, lakini umbali una nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi ya 50mm ya kawaida, weka f/4, sogelea ua mpaka lenzi ikaribie kugoma kufokasi. Ukuta ulio mita mbili nyuma yake utageuka rangi tupu. Kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ua likiingia kwenye sensa (kibao kinachonasa picha ndani ya kamera) kwa ukubwa wake halisi, f/2.8 itakuachia eneo lisilo na ukungu ambalo halifiki hata nusu milimita. Ndiyo maana napenda wanafunzi waanze na haibiskasi: mkonga wake umechomoza mbele ya petali, ukifokasi nchani, petali zinajiyeyukia zenyewe nyuma. Zima fokasi ya otomatiki, maana itahangaika. Fokasi kwa mkono, kisha yumbisha mwili mbele na nyuma taratibu huku ukipiga mfululizo.

Unaweza pia kupiga kupitia petali nyingine iliyo karibu kabisa na kioo cha lenzi. Iwe karibu kweli, sentimita chache tu, na tundu liwe wazi. Ikikaa mbali kidogo itaonekana kama takataka iliyokatiza picha.

Mwendo ndiko kazi ilipo. Unahitaji shata, yaani muda kamera inapoacha mwanga uingie, ya karibu robo sekunde, na hapa ndipo jua letu linapowaangusha wengi. Saa saba mchana, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/16, mwanga sahihi unakupa shata ya takribani 1/100 ya sekunde. Ukibana hadi f/22 unapata 1/50, bado ni kasi mno. Kwa hiyo ama utafute filta ya ND16, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ama uamke mapema. Mimi nasema amka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au siku ya mawingu mazito, robo sekunde inakuja bila kununua chochote.

Anza kusogeza kamera kabla ya kubonyeza, na usisimame mpaka shata ijifunge. Ukianza na kubonyeza kwa pamoja, mistari itakuwa na vinundu mwanzoni. Fuata umbo la mmea. Alizeti shambani zinataka mwendo wa juu kwenda chini, kufuata mashina. Zima kitulizi cha lenzi, kile kifaa kinachozuia mtikisiko, kwa sababu kitapigana na mkono wako. Chagua pia rangi zinazoachana: njano juu ya kijani hubaki safi, lakini zambarau, kijani kibichi na udongo mwekundu vikichanganyika huwa tope.

Kuhusu ile mbinu ya kupaka vaselini ili kupata ukungu: paka kwenye filta ya bei rahisi, kamwe si kwenye lenzi yenyewe, na uache duara safi katikati. Binafsi siipendi sana, picha zote huishia kufanana.

Wa simu nao wamo. Ule ukungu wa hali ya potreti ni hesabu za programu, na mara nyingi hukata stameni na vinyweleo vya shina. Afadhali usogee karibu kwa lenzi kuu. Kwa mwendo, simu nyingi za Android zina hali ya kitaalamu inayokuruhusu kuchagua shata. Kwenye iPhone, piga Live Photo ya maua yanayochezeshwa na upepo, kisha igeuze kuwa Long Exposure ndani ya albamu. Hapo simu iegemeze kwenye jiwe au ukuta: upepo ndio utakaosogeza maua, wewe tulia.